Kabati la Nje ya Kanisa

Kila asubuhi akienda shule, Maren Tveit alipita penye kabati la mbao lililosimama nje ya kanisa, katika mji wao mdogo jimboni Iowa, Marekani. Mwenye chakula cha ziada aliweka, mwenye njaa alichukua, na hakuna aliyeulizwa jina.

Juma hilo shule ilikuwa ikikusanya makopo ya chakula kwa ajili ya wenye shida, na Maren ndiye aliyewaongoza wenzake. Alhamisi jioni angeingizwa katika Jumuiya ya Wanafunzi Bora, pamoja na wengine waliosifika kwa masomo, tabia, uongozi na utumishi. Katika sherehe hiyo kila sifa huwashiwa mshumaa wake, na wa utumishi angeuwasha yeye, mama yake akitazama.

“Shule ya Decker wametupita kwa makopo,” Colby, mwanafunzi mwenzake, alimtania walipofika penye kabati. “Binti mshumaa, uso utauficha wapi?”

Maren akalitazama kabati. Makopo ya supu, maharage, samaki. Si vyote vinakwenda kwa wenye njaa? Akavisomba mkobani, na shuleni wakampigia makofi.

Kesho yake theluji ilikuwa imetanda. Bi Hruska, mzee aliyewahi kuendesha basi la shule, alisimama mbele ya kabati. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

“Shikamoo, Bi Hruska. Unatafuta kitu?”

“Marahaba. Aa, napita tu, mwanangu.” Akaukunja mfuko wake mtupu, akauficha ndani ya koti.

Maren hakwenda darasani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Ostrander, mlezi wa jumuiya.

“Mwalimu, mshumaa mpe mwingine.” Akaeleza yote, hakubakiza.

“Makopo yako wapi?”

“Stoo.”

“Basi yarudi kwanza. Machozi baadaye.”

Wakiyarudisha kabatini, Colby alinung’unika njia nzima. “Decker watatucheka!”

“Wacheke. Shika boksi vizuri, acha maneno.”

Alhamisi mshumaa uliwashwa na mwingine, na jina la Maren halikusomwa. Maren alipiga makofi. Watu walipotawanyika, Mwalimu Ostrander alimkuta akikunja viti peke yake.

“Nimepita kanisani leo,” mwalimu alisema. “Supu zimepungua.”

Maren akashusha pumzi.

“Kabla hujatoa, mwanangu, tazama kwanza unamnyima nani. Makofi hayashibishi mtu. Mwakani tutalitazama tena jina lako.” Akavuta kiti cha pili, akakikunja. “Haya, tumalize, mama yako anakungoja kwenye baridi.”