Nyuso za Zambarau

Agneta ni fundi cherehani wa Kiminini. Asubuhi anakama ng'ombe, kisha anafungua kibanda chake kando ya barabara na kushona mpaka jioni. Mumewe, Hesbon, ni mkulima wa mahindi. Msimu uliopita mahindi yalikubali, na Hesbon akaenda Kitale akarudi na runinga kubwa. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia kwake bila kuambiwa, "Hii ni HDR." Ukimuuliza HDR ni nini, hukohoa kidogo na kukuongezea chai.

Binti yao, Pauline, anafanya kazi Nairobi. Yeye pia ni fundi wa nguo, lakini nguo zake huvaliwa na waigizaji wa filamu. Mwaka huu alishona mavazi yote ya filamu moja. Watengenezaji walimpa nakala yake. Akaitia kwenye flashi na kuwatumia wazazi wake.

Hesbon hakutaka kutazama peke yake. Alimwalika ndugu yake mkubwa, Makokha, kutoka Bungoma. Makokha ni mzee wa kanisa, na ni mtu wa kusema. Jumamosi alasiri Agneta aliandaa chai na mandazi. Hesbon akachomeka flashi.

Filamu ikaanza. Wanawake wa kwaya walikuwa wakiimba nje ya kanisa. Lakini nyuso zao zilikuwa za zambarau. Mbingu ilikuwa ya kijani. Gauni la mwimbaji mkuu, ambalo Pauline alilisifu sana kwenye simu, lilikuwa na rangi isiyo na jina.

"Hawa ni watu ama ni nini?" Makokha akauliza.

"Pengine ni style," Hesbon akasema, ingawa hakuamini.

"Style gani ya kufanya watu zambarau? Hii ni filamu ya mashetani. Si unaona hata mbingu?"

Makokha akasimama, akaikemea runinga kwa maombi marefu. Mandazi yalibaki vilevile kwenye sahani.

Kesho yake kanisani, Bungoma, Makokha aliwaomba waumini wamwombee mtoto wa ndugu yake aliyepotelea kwa filamu za kishetani. Hakutaja jina, lakini Makokha ana ndugu mmoja tu. Ulimi hauna mfupa. Na kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mama yao, Nakhumicha, bibi ambaye Pauline humwita Kukhu.

Nakhumicha alipiga simu jioni ileile.

"Mama Pauline, mwambie huyo mtoto aache hiyo kazi. Mpaka aache, asikanyage kwangu."

"Lakini Mama, hatujajua ni nini ilifanyika."

"Makokha aliona na macho yake."

Agneta aliumia sana. Alimpigia Pauline, na Pauline akalia.

"Mama, hakuna shetani. Ni hadithi ya kwaya. Hiyo gauni ni bluu, nyuzi zake ni za dhahabu. Nilishona wiki tatu. Sasa Kukhu hataki kuniona?"

Agneta hakupata usingizi mzuri. Fundi anajua uchungu wa kazi kukataliwa kabla haijaonekana. Asubuhi alitia flashi kwenye mkoba na kumwambia mumewe waende Kitale, dukani walikonunua runinga.

Duka ni la mzee Om Prakash, lakini siku hizi binti yake Rina ndiye anayeliendesha. Hesbon aliingia akiwa amekunja uso.

"Rina, ulituuzia TV mbovu. Inatoa watu zambarau."

"Karibu, mzee. Karibu, Mama. Leteni flashi tuone."

Rina aliichomeka kwenye runinga ya aina ileile ya Hesbon. Zambarau na kijani zikatokea tena. Akaitoa, akaichomeka kwenye runinga nyingine iliyokuwa kando. Nyuso zikawa za kahawia nzuri. Mbingu ikawa ya jioni. Na gauni likawa bluu, bluu ya mwanzo wa usiku, na nyuzi za dhahabu zikionekana hata penye kivuli.

Agneta alisogea mpaka karibu aguse kioo. "Hii sasa ndio kazi ya mtoto wangu," akasema. Macho yalimjaa machozi, wala hakuyaficha.

"Kwa hivyo yangu ni mbovu," Hesbon akasema.

"Hapana, mzee. Yako ni nzima. Keti nikueleze. HDR ni kama jina la ukoo. Maana yake picha yenye mwanga mwingi zaidi na giza lenye kina zaidi, na rangi nyingi katikati. Lakini ndani ya ukoo kuna watu tofauti. Kuna HDR10, kuna HDR10+, kuna Dolby Vision, kuna HLG."

"Sasa tofauti ni gani?" Agneta akauliza.

"Kila filamu ya HDR hubeba maelekezo ya kuiambia TV ing'ae kiasi gani. HDR10 hubeba maelekezo yaleyale kwa filamu nzima, mwanzo mpaka mwisho."

"Kama mimi nikishona uniform za shule kwa saizi moja," Agneta akasema. "Wengine inawakaa, wengine inawabana."

"Ndio hivyo. Uzuri wake, kila TV ya HDR inaisoma. HDR10+ na Dolby Vision hubeba maelekezo ya kila tukio. Pale pa giza, kipimo chake. Pale pa jua, kipimo chake."

"Hapo umempima kila mtoto."

"Umeshika, Mama. Hizo mbili kazi yao inakaribiana, lakini hazisomwi na TV zilezile. Nyingine husoma moja, nyingine zote mbili, nyingine hazisomi yoyote."

"Na hiyo HLG?" Hesbon akauliza. Kiburi kilikuwa kimeshuka, sasa alitaka kujua kweli.

"Hiyo ni ya matangazo, kama mpira wa moja kwa moja. Hata TV isiyo na HDR huionyesha vizuri tu. Sasa, TV yako inasoma HDR10, HDR10+ na HLG. Dolby Vision haisomi. Filamu nyingi za Dolby Vision hubeba HDR10 ndani, kwa hivyo zingefunguka kwako bila shida. Hii nakala ya Pauline ni Dolby Vision tupu, haikubeba. TV ilibahatisha rangi, ikakosea."

Hesbon aliitazama ile runinga ya pili. "Basi nipe hiyo."

"Usinunue, bana. Mwambie Pauline aombe nakala ya HDR10+ ama HDR10. Na usidanganywe na jina peke yake. TV yenye mwanga mzuri na HDR10 inaweza kushinda TV hafifu iliyoandikwa Dolby Vision. Kabla ya kununua, angalia kwanza filamu zako ni za aina gani, kisha uulize TV inasoma zipi. Mkitazama mchana, fungeni pazia. Na kwa setting ya picha, chagueni Movie. Ile ya kung'aa sana ni ya dukani."

Pauline aliomba nakala nyingine, akaituma kwa basi. Agneta akampigia simu mama mkwe wake.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Kuja uone na macho yako, si ya Makokha."

 Nakhumicha akasema atakuja, na Makokha ndiye atakayemleta.

Jumamosi walifika. Hesbon alipofunga pazia, Makokha aliuliza, "Mbona mnaleta giza?"

"Keti," mama yake akamwambia.

Filamu ikaanza. Nakhumicha aliitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudisha pale kwaya inaimba." Hesbon akarudisha kwa rimoti. Bibi akasogeza kiti, akaliangalia lile gauni la bluu kwa muda mrefu.

"Mshono wa shingo umelala vizuri," akasema. "Mtoto ana mkono." Akamgeukia Makokha. "Wewe ulisema maneno yako kanisani. Utayafutia hukohuko. Na Pauline aje, nataka kukaa naye."

Jumapili iliyofuata Pauline aliketi benchi la mbele, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa bibi yake. Makokha akasimama, akiangalia viatu vyake.

"Nilisema mtoto wa ndugu yangu amepotea," akasema. "Yeye anashona nguo za kwaya kwa filamu. TV haikuwa inasoma ile nakala, na mimi sikuuliza. Nilihukumu. Pauline, nisamehe."

Akataka kuketi.

"Rudia," Nakhumicha akasema. "Wa nyuma hawajasikia."