Jina Lililokunjwa

Kabla ya mapambazuko nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga. Mjukuu wangu, tuliyemwita Chiriku kwa maneno yake mengi, alikuwa ameamka kunichemshia chai. Siku hiyo tulikuwa na safari ya kwenda ofisi ya usajili.

Shuleni kwao walitaka kuandika ukutani jina la mtu aliyebuni pampu ya kisima chao. Chiriku alisema ni babu yake, marehemu mume wangu. Wenzake wakaangua kicheko.

"Babu yako fundi bomba tu! Au na jua alilibuni yeye?"

Mwalimu mkuu alimwambia kwa upole, "Nenda ofisi ya usajili, mwanangu. Daftari lao yeyote anaruhusiwa kulisoma. Niletee nakala."

Ofisini, karani alinipa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama. Katika daftari la leseni za mafundi, jina la mume wangu lilikuwepo kila mwaka hadi alipofariki. Kisha akafungua daftari la uvumbuzi.

"Pampu hii ina wabunifu wawili," alisema. "Mumeo, na huyu hapa chini."

Alikuwa Fundi Kofia, mwenzake wa kazi, aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili. Siku moja aliacha kuja, bila neno.

"Mbona cheti chetu cha ukutani kina jina moja, Bibi?" Chiriku aliuliza.

Cheti kilipokuja kilikuwa kirefu kuliko fremu, nami wakati ule sikujua kusoma. Nilikikunja sehemu ya chini kwa mikono yangu hii, nikakitundika. Mume wangu alikiona, akacheka, akasema atatafuta fremu kubwa. Hakuitafuta.

"Na leseni ya huyu wa pili?" nilimuuliza karani.

Alifunua kurasa taratibu. Leseni ya Fundi Kofia iliishia mwaka uleule wa cheti. Baada ya hapo, hakuna kitu. Karani alinitazama, kisha akaniandikia anwani ya Fundi Kofia bila kuombwa.

Nje, Chiriku alinishika mkono. "Bibi, tunyamaze tu. Jina la babu si lipo? Hatusemi uongo."

Tulipita nyumbani, nikakitoa cheti ukutani.

Fundi Kofia tulimkuta kitandani, katika chumba kimoja chenye dirisha dogo. Macho yake hayakuona tena. Nilimweleza yote. Chiriku akakunjua karatasi, akaweka kidole cha mzee juu ya alama ya mkunjo, akamsomea jina lake.

Alipapasa mkunjo ule kwa kidole.

"Nilipokiona ukutani kwenu, nilidhani mumeo ndiye aliyenifuta, shemeji," alisema mwishowe. "Nikaacha ufundi. Hata kumzika sikuja."

"Ni mimi, shemeji. Nisamehe."

Aliichukua karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Nililia, na Chiriku akalia pia. Nilimvuta mjukuu wangu karibu, nikamwambia:

"Umeona, mama? Hatukusema uongo hata neno moja. Tulionyesha nusu tu ya ukweli. Nusu tuliyoificha ilikuwa mtu."

"Kesho nitampelekea mwalimu majina yote mawili," alisema, akijifuta machozi.

Tuliposimama kuaga, mzee alikuwa bado ameshika karatasi.

"Binti," aliita. "Uje tena. Uje unisomee tena hapo chini."