Kasuku Aliyebadilisha Neno

Kila siku akirudi shuleni, Kasuku alivua viatu mlangoni, akabadilisha sare, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kuokota pini zilizoanguka, kufumua mishono iliyokosewa, na zaidi ya yote, kupokea simu. Mama alikuwa fundi wa nguo, na fundi anayempima mteja gauni huwa amebana pini midomoni. Hawezi kusema hata "halo". Basi simu ikilia, Mama humwashiria Kasuku kwa kichwa, naye huichukua.

Kasuku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa nyumbani kwa sababu msichana huyu alirudisha maneno vilevile alivyoyasikia, hata mtu akikohoa katikati, naye alikohoa. "Mtoto huyu hatii chumvi," baba yake wa kambo alipenda kuwaambia wageni. "Maneno yakiingia kilo moja, yanatoka kilo moja." Kasuku alijifanya hasikii, lakini kichwa kilimvimba, tusifichane.

Baba huyo alikuwa dereva wa gari la mikate. Alimwoa Mama baada ya Mama na Kasuku kuhamia huku kutoka nchi jirani. Walipooana, walipeleka ombi katika ofisi ya uhamiaji ili Mama apewe ukaazi kwa kuwa mume wake ni raia, na Kasuku aliingizwa humo humo. Ombi lilikuwa bado linashughulikiwa. Wakili wao aliwaonya mapema.

"Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Ukivuka mpaka kabla hujapewa kibali cha kusafiri, watahesabu kwamba ombi umeliacha mwenyewe. Kurudi hapa itakuwa kazi, tena kazi kweli. Unaweza kukaa miaka huko, mume na mtoto wakabaki huku."

Mama hakuwa na hamu ya safari yoyote, mpaka habari za Bibi zilipofika. Bibi, mama yake Mama, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na sasa hospitali ya kule kwao ilikuwa tayari kumpasua. "Wakinifungua bandeji," Bibi alisema kwenye simu, "nataka wa kwanza kumwona uwe wewe. Sura za manesi nitaziona baadaye." Mama alicheka huku analia. Kesho yake akaenda kuomba kibali cha kusafiri.

Simu kutoka uhamiaji ilikuja jioni moja, Mama akiwa amepiga magoti akikunja pindo la gauni la mwalimu wa kwaya. Nje, wasichana wa mtaa walikuwa wanashindana kuruka kamba, na zamu ya Kasuku ilikuwa imekaribia. Rafiki yake alimpungia mkono dirishani: njoo, tunakuruka!

"Wewe ni mtoto wake?" sauti ya afisa iliuliza. "Mwambie mama yako ombi lake la kibali cha kusafiri limepokelewa. Asisafiri mpaka tumwite. Umesikia?"

Macho ya Kasuku yalikuwa kwenye kamba. Alichokamata ni "kibali cha kusafiri" na "lime" fulani hivi. Angeweza kusema, "Samahani, rudia." Badala yake alisema, "Ndiyo, nimesikia," akakata simu.

Alipogeuka, Mama alikuwa anamtazama, macho yamemtoka juu ya zile pini. Jamani, ni nani asiyependa kupeleka habari njema?

"Limekubaliwa!" Kasuku alisema.

Mama alizitema pini kiganjani, akamkumbatia mtoto, akamkumbatia na mwalimu wa kwaya aliyekuwa nusu amevaa gauni. Kasuku akakimbilia kamba yake. Hata hakuanguka.

Siku chache baadaye, darasani, mwalimu alimaliza kukusanya insha. Kijana mmoja wa nyuma alinyanyua mikono na kushangilia, "Nimefaulu!"

"Umefaulu nini wewe?" mwalimu alimuuliza. "Insha nimeipokea tu. Hata sijaifungua. Kuikubali ni habari nyingine."

Darasa zima lilicheka. Kasuku peke yake hakucheka. Lile neno la afisa lilimrudia lote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho: limepokelewa. Na nyuma yake: asisafiri mpaka tumwite. Mpaka kengele ilipolia, hakujua hata somo lilikuwa linahusu nini.

Alipanga kusema akifika nyumbani. Lakini alimkuta Mama amesimamisha cherehani, anakunja kanga mpya za Bibi na kuimba. Tiketi ya basi la kuvuka mpaka ilikuwa mezani. Alipanga kusema baada ya chakula. Baada ya chakula Mama alimpigia Bibi, nao wakacheka sana. Kasuku aliona aibu. Atawaambiaje kwamba yeye, Kasuku asiyetia chumvi, alibuni neno zima? Akanyamaza. Kila siku aliyonyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Asubuhi ya safari, Mama akiwa anaoga, Kasuku alifanya jambo baya zaidi. Alichukua pasipoti ya Mama mezani, akaizika ndani ya sanduku la vipande vya vitambaa. Basi likiondoka bila Mama, alijiambia, mambo yatajimaliza yenyewe.

Mambo hayakujimaliza. Yalianza.

"Pasipoti iko wapi?" Mama aliuliza, akipekua mkoba. Akapekua tena. Akamwaga kila kitu kitandani. "Nani ameigusa?"

Baba, ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kazini ili amsindikize, alijishika kichwa. "Jana niliipeleka kutoa nakala. Hakika nimeiacha dukani. Lo, mke wangu, nisamehe!"

"Kichwa chako kimejaa mikate tu!" Mama alifoka. Kwa kawaida huo ulikuwa utani wao. Siku hiyo haukuwa utani. "Mama yangu anapasuliwa, nawe unachezea pasipoti yangu?"

Baba alipiga magoti, akaingia chini ya kitanda, mtu mzima na mwili wake wote. Alipotoka, nywele zilikuwa zimejaa vumbi. Alimtazama Kasuku, aliyesimama mlangoni akisokota ncha ya gauni lake.

"Mwanangu, hukuiona mezani?" Kisha akajijibu mwenyewe kabla Kasuku hajafungua mdomo. "Hapana. Kasuku angeiona, angesema."

Hapo ndipo Kasuku aliposhindwa. Kama angemkemea, labda angevumilia. Lakini kusifiwa uaminifu na mtu mwenye vumbi kichwani kwa kosa ambalo si lake! Alilia kwa sauti, akaenda kwenye sanduku, akachimbua pasipoti, akaiweka mikononi mwa Baba.

"Ni mimi," alisema. "Nimeificha ili Mama asiende. Afisa hakusema limekubaliwa. Alisema limepokelewa, asisafiri mpaka wamwite. Sikusikia vizuri, nilikuwa nataka kwenda kuruka kamba. Nilipokumbuka niliona aibu kusema."

Mama aliketi juu ya sanduku lake la safari.

"Kwa hiyo ningevuka," alisema polepole. "Ningevuka, na wasingeniruhusu kurudi kwako."

Baba alipiga simu uhamiaji, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Afisa alisema vilevile: ombi limepokelewa, wanasubiri barua ya hospitali, mama asisafiri kabisa. Baba akashukuru, akakata. Hakuna aliyemgombeza Kasuku, na afadhali wangemgombeza. Mama alikuwa analia, lakini alimlilia Bibi.

"Mama yangu atafunguliwa bandeji," alisema, "na mimi sitakuwapo."

Kasuku alitamani sakafu ipasuke immeze. Mama akajifuta machozi, akamnyooshea simu. "Mpigie Bibi. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, na usipunguze hata neno."

"Shikamoo, Bibi," Kasuku alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako ameshapanda basi?"

Alisema yote: kamba, lile "lime" fulani, tiketi, pasipoti, vumbi kichwani mwa Baba.

"Imeniuma," Bibi alisema. "Sikufichi, nilikuwa namsubiri. Lakini namshukuru Mungu umesema kabla hajavuka. Kanga nitavaa hata baadaye, lakini mwanangu angevuka, angepoteza mume na mtoto. Sasa sikiliza. Wanapasua jicho moja kwanza, na lingine baadaye. Hili la kwanza nitamwona nesi, basi, sina la kufanya. La pili litamsubiri mama yako."

Siku ile ile Mama na Baba waliagiza barua ya hospitali, nayo ilipofika waliipeleka uhamiaji wenyewe. Bibi alifunguliwa jicho la kwanza bila mtoto wake. Siku hiyo Mama alishona tangu asubuhi bila kuimba, na Kasuku aliokota pini zote bila kutumwa. Nje kamba ilirukwa, yeye hakutoka.

Jicho la pili likiwa bado halijapasuliwa, simu ililia tena Mama akiwa anapima suruali, pini midomoni. Alisita, kisha akaashiria kwa kichwa.

"Ombi la kibali cha kusafiri la mama yako limekubaliwa," afisa alisema.

"Samahani," Kasuku alisema, "umesema limekubaliwa au limepokelewa?"

Afisa alicheka. "Limekubaliwa. Aje achukue kibali kabla ya kusafiri."

"Naomba urudie tena, polepole."

Alirudia. Kasuku akamwambia Mama kila neno, pamoja na kile kicheko. Mama alitoa pini moja moja, akanyoosha mkono. "Nipe nisikie mwenyewe."

Kasuku alimpa bila kununa. Alijua kwa nini. Mama alisikiliza, akashukuru, akakata simu, akamtazama binti yake.

"Ni hivyo hivyo ulivyosema," alisema. "Mwanangu, kusikia vibaya hutokea kwa kila mtu, hata mimi hukata kitambaa vibaya. Ungeniambia siku ile ile, tungecheka tu. Kilichotaka kututenganisha ni kunyamaza kwako ili usionekane umekosea. Ukikosea, sema mapema, hata kama uso unakuwaka kwa aibu. Aibu hiyo hupita. Lakini sisi tungetenganishwa kwa miaka."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia nini?"

Kasuku akarudia yote, neno kwa neno. Mteja mwenye suruali akacheka, Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya pasipoti. Akarudisha pini midomoni na kuinamia pindo. Simu ilipolia tena, alimwashiria Kasuku kwa kichwa bila hata kugeuka kumtazama.