Shafti Iliyolia Vizuri

Kibwana, fundi wa Kwamndolwa, hatembei bila tambara begani. Akiona mafuta kwenye chuma, anafuta. Akiona chai imemwagika, anafuta. Mkewe Mashavu humtania kuwa ipo siku atamfuta mbuzi.

Kibwana hutunza korona ya kikundi cha wakulima. Korona ni mashine inayokwangua majani ya mkonge na kuacha nyuzi. Ndani yake kuna shafti, chuma kirefu kinachozunguka kwa kasi. Shafti ikikatika mashine ikiwa inakimbia, aliye karibu anaweza kufa.

Wiki hiyo korona ilikuwa kwenye matengenezo. Ingewashwa Jumatatu. Siku hiyo hiyo binti yao, Husna, angeanza kazi ya kulisha majani, hatua mbili tu kutoka kwenye shafti.

"Baba Husna, una hakika shafti ni nzima?" Mashavu aliuliza.

Kibwana akaigonga kwa nyundo. Ngiii!

"Umesikia? Masikio haya yana miaka ishirini kazini."

Mashavu hakuridhika. Yeye huuza vyungu, na kila chungu hukigonga kwanza. "Chenye ufa hulia vibaya," alisema. "Lakini ufa mdogo hunipita. Mteja ndiye anayeuona, mboga ikishamwagika."

Ijumaa alikuja Rhoda, mkaguzi wa mitambo aliyeitwa na kikundi. Alibeba kifaa kidogo chenye kioo, na waya wenye kichwa cha chuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kiredio ndicho kitakachoona ndani ya chuma?"

"Hakioni, mzee. Kinasikiliza."

Rhoda akapaka jeli kwenye ncha ya shafti, akageuka kuwasha kifaa. Kibwana akaifuta. Rhoda akaweka kile kichwa cha waya pale. Kioo hakikuonyesha kitu. Akapaka tena, akainama kurekebisha waya. Kibwana akafuta tena!

"Mashine yako imekufa, binti," alisema.

Rhoda akaliona tambara, akacheka sana. "Kumbe! Mzee, unafuta njia!"

"Njia gani?"

"Kichwa hiki kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Ndani ya chuma yanakwenda karibu kilomita sita kwa sekunde moja. Yakifika mwisho yanarudi, kama mwangwi wa mlimani. Kifaa kinapima muda, kinajua umbali. Lakini hewa inayazuia. Hewa nyembamba kuliko karatasi inatosha kuyarudisha. Jeli inaifukuza hiyo hewa."

Mashavu, aliyekuwa ameleta chakula, akasogea karibu. "Na ndani ya ufa kuna nini?"

"Mara nyingi hewa, mama."

"Basi na hapo yatarudi!"

"Hapo hapo. Mapema, kabla ya kufika mwisho."

Mashavu alifurahi kama aliyepata kitu alichokitafuta siku nyingi. Kibwana akaficha tambara mgongoni. Rhoda akapaka jeli mara ya tatu.

Kwenye kioo vikasimama vilima viwili.

"Shafti ina urefu gani, mzee?"

"Mita mbili."

"Kilima hiki kinatoka mita mbili, mwisho wake. Hiki kingine kinatoka sentimita sabini. Hapo pana tundu?"

Kibwana akapima, akatia alama, akapapasa. Chuma kilikuwa laini, hakina hata mkwaruzo. Akagonga. Ngiii! Ililia vizuri kama mwanzo. Akamtazama Husna, aliyekuwa pembeni akijaribu glavu zake mpya.

"Haiwashwi," alisema.

Baadhi ya wakulima walinung'unika, lakini Jumatatu ilipita korona ikiwa kimya. Baada ya wiki mbili ikaja shafti nyingine. Rhoda akaipima: mwangwi mmoja tu, wa mwisho.

Ile ya zamani Kibwana aliikata kwa msumeno penye alama ya sentimita sabini. Hakufika katikati. Ilikatika yenyewe. Ndani palikuwa na ufa mweusi, ulioenea upana wa kiganja.

Kibwana alikaa chini.

"Ningemsimamisha mwanangu hapa," alisema. Akavuta tambara begani, akafuta macho.

Siku hizi Rhoda hurudi kila baada ya miezi sita. Kibwana bado anagonga kwa nyundo, maana mazoea hayaachiki. Lakini akishagonga, jeli anaipaka mwenyewe, na hataki mtu yeyote aisogelee na kitambaa. Husna analisha majani. Mama yake akipita na vyungu, humpungia mkono na kwenda zake sokoni.