Jino la Nne la Ndoo

Rafiki yangu Monji, mng'oa visiki wa huko Sfaksi, mpaka leo hawezi kula meza moja na watu.

Siku hiyo mjane mmoja, Bibi Zohra, alimwita amng'olee kisiki cha mzeituni. Monji akapenyeza chini ya mizizi ndoo ya trekta lake dogo, ile yenye meno manne ya chuma. Uvundo wa mafuta yaliyochacha ukamvaa, akatema mate.

"Mama, umezika ng'ombe hapa?"

"Chimba, mwanangu, acha maneno!"

Alipozima injini anywe chai, akasikia mtu anatafuna nyuma yake, kwa kelele, mdomo wazi.

"Fumba mdomo basi, mama, utanitapisha!"

"Nitafune nini, na meno yenyewe sina?" Bibi Zohra akajibu kutoka mlangoni kwake, akimwonyesha ufizi mtupu.

Kutafuna kule kulikuwa kunatoka gizani, chini ya kisiki. Monji akawasha trekta mbio mbio, akainua ndoo. Kisiki kikang'oka, kikalala ubavu. Ndoo ilikuwa imebaki na meno matatu.

La nne lilikuwa limenasa katikati ya mizizi. Akalichomoa kwa mkono. Chuma kilikuwa kimelainika kama ubani uliotafunwa, kimejaa alama za magego, na bado kinachuruzika mate ya uvuguvugu.