Mchaichai Ulioungua

"Wewe Fundi, hiyo pua umeiweka rehani? Nguo zangu zote kwenye kamba zinanuka moshi!"

"Jirani, napika mchaichai. Siunguzi kitu."

"Unaunguza! Nusu saa nakwambia unaunguza!"

"Labda ni kwako."

"Kwangu? Mimi leo sijawasha hata jiko! Jamani, mtu anabishana na moshi!"

Mke wa Fundi aliyakuta hayo langoni, begi tupu mkononi. Alikuja kuchukua nguo zake zilizobaki aondoke jumla. Harufu ya majani kuungua ilimpokea tangu kona ya mtaa. Akapita kati yao bila salamu, akazima moto, akafunua pipa. Hamna tone la maji. Majani ya chini meusi tii.

"Shoga yangu, umerudi!" Jirani akaegemea ukuta. Mtaa mzima ulimwita Bi Redio, maana habari kwake hazilali.

"Sijarudi. Nimefuata nguo."

"Chukua, mwaya. La kuvunda halina ubani."

Pipa lile la kutengenezea mafuta ya mchaichai walilinunua pamoja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Mke alikata majani na kutafuta wateja. Mume alikaa penye bomba, mvuke ukipoa na kudondokea chupani, mafuta yakielea juu ya maji, naye akiyatenga tone kwa tone. Pua yake ndiyo ilikuwa mtaji. Akinusa tu mvuke, anajua maji yanakaribia kukauka.

Mpaka wiki tatu zilizopita, mtengeneza sabuni alipoyarudisha mafuta yao mbele ya wateja. "Mmechanganya takataka humu! Wezi wakubwa nyie!" Mke akakimbilia kwa dada yake, akangoja mumewe akanushe. Badala yake ukaja ujumbe:

"Ni kweli nilichanganya. Wewe huna kosa. Endelea na maisha yako, usinisubiri."

Aliusoma mpaka akaujua kwa moyo.

Sasa aliyatazama yale majani meusi, akamgeukia mumewe.

"Maji yamekaukaje na wewe umekaa hapo hapo?"

"Nilipitiwa na usingizi."

"Usingizi gani huo wa kugombana na jirani?"

Fundi akainama. Mke akaingia jikoni, akatoka na chupa ya kahawia, akaifungua chini ya pua ya mumewe.

"Nusa. Haya mafuta gani?"

Fundi akafumba macho, kama zamani. Akavuta pumzi ndefu.

"Mchaichai. Safi kabisa. Wa juzi huu."

Bi Redio akajishika mdomo. Hata yeye, kule ukutani, harufu ilishamfikia. Yalikuwa mafuta ya taa.

"Tangu lini?" Mke akaifunga chupa.

"Tangu ile homa."

"Miezi mitano!"

"Daktari alisema nisubiri. Nikasubiri. Juzi akaniambia nisisubiri tena."

"Kwa hiyo hukuchanganya kitu. Yaliungua, hukujua."

"Yakishaungua, hata uyasafishe mara kumi, ule moshi hautoki."

"Ukaniacha nilale nikijua nimeolewa na mwizi!"

"Mwizi unamwacha, unapona. Mimi ungebaki kunihurumia. Pua ndiyo ilikuwa kazi yangu, mke wangu. Nina nini kingine?"

Mke akampiga ngumi ya kifua, moja tu. Ngumi ikabaki hapo hapo, haikurudi.

"Ulipoondoka," Fundi akasema, "uliacha gauni nyuma ya mlango. Nikajifunika usoni. Hamna kitu. Kitambaa tu. Ndipo nikajua kweli umekwenda."

Simu ikalia. Dada mtu.

"Umeshafunga mzigo?"

"Bado, dada."

"Anakuomba msamaha, eh? Usimsikilize, huyo ana maneno!"

"Hajaomba chochote."

"Sasa unangoja nini hapo?"

"Nitakupigia."

"Usinipigie, njoo!"

Akakata. Bi Redio naye alianua nguo zake moja moja, na moshi wake, akaingia ndani bila neno. Mtaa haujawahi kumwona hivyo.

Mke alilitazama begi muda mrefu, kisha akalipita. Alikuta jiko baridi, vyombo vikavu kama nyumba ya mgane. Akapika kilichokuwepo. Nje, Fundi alikomba masizi ndani ya pipa, akikomba na pale palipokwisha kutakata.

"Njoo ule."

"Sina hamu. Tangu ile homa nakula kama mtu anayejaza gunia. Sijui tamu, sijui chungu."

Mke alisimama mlangoni, macho mekundu, mwiko mkononi.

"Na mimi sijui kama nitalala hapa leo. Sijui tutaishi kwa kazi gani. Na wala sijakusamehe, usijidanganye."

"Najua."

"Basi lilete hilo gunia. Ingia ule, chakula kinapoa."