Ua Lililoitwa Musili

Kila mtu wa vilima vya Iveti anajua: ukifika ithembo, kile kichaka walimotambikia wazee, huchumi hata jani. Mwalimu Musili naye alijua. Lakini Musili alikuwa mjuaji, na mjuaji haambiliki.

Jioni hiyo ya mwaka wa tisini na nane alikuwa akishuka mlima na wenzake wa kikundi cha wapenda maua ya mwitu: Kavutha, karani wa mahakama, na Hirad, mwenye duka la vyombo mjini. Kikundi kilikuwa na desturi yake. Ua likiwashinda kulitambua, huitwa kwa jina la aliyeliona kwanza mpaka apatikane wa kulijua. Kavutha alikuwa nalo moja. Hirad alikuwa nayo mawili. Musili, na digrii yake ya mimea, hakuwa nalo hata moja, na jambo hilo lilimla roho.

"Muuza sufuria," alisema kimoyomoyo kila alipomtazama Hirad. "Huyu ndiye wa kunipita mimi?"

Ndipo akaliona. Lilikuwa ndani ya ithembo, jeupe, lenye mishipa myekundu, likinuka udongo uliochimbwa sasa hivi. Hakuwa ameliona katika kitabu chochote.

"Mwalimu, hapo ni kwa aimu," Kavutha akanong'ona. "Hao wafu wako na wivu. Tuliangalie tu kutoka hapa."

"Aimu ni za nyanya yako. Endeni, waoga nyinyi."

"Haya," Hirad akasema taratibu. "Sisi tunashuka. Giza iko karibu."

Wakaenda. Musili akaingia, akalichuma, akaliinua juu kama mtu aliyeshinda kombe.

"Kuanzia leo," akaliambia, "unaitwa Musili."

Ndege wakanyamaza.

"Naam..."

Sauti ilitoka nyuma ya kisogo chake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Akageuka. Hakukuwa na mtu. Mkononi mwake ua halikuwepo tena. Kisha akasikia nyayo juu ya majani makavu... kra... kra... zikishuka mlima bila haraka.

Musili akatimua mbio. Aliwakuta wenzake njia panda.

"Nani amepita hapa?"

Kavutha akarudi nyuma hatua moja. "Ni Musili tu. Na wewe, mzee, ni wa wapi?"

"Mimi ni..."

Jina halikuja. Alilitafuta kichwani, akakuta pengo.

Akakimbia hadi kwake, akagonga huku akilia, "Nifungulie, hii ni nyumba yangu!" Mkewe Kalunde akafungua, akainua taa, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Harufu ya udongo ikatoka ndani.

"Musili," Kalunde akaita, uso ukiwa bado umemwelekea, "kuna mtu hapa analia. Anasema hii ni nyumba yake."

Huko ndani, mtu akaweka kikombe mezani.

"Mfukuze. Hata jina lake hajui."